Injini ya Gari Inapoingia Baharini

Karatasi hii ina maneno yaleyale yaliyosemwa redioni. Isomeni polepole. Penye neno gumu mtaona nimelieleza papo hapo.

Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya injini. Tutatazama jinsi wavuvi wa Canada na Marekani walivyoitoa injini katika gari wakaitia katika mashua ya mbao. Tutauliza walipata faida gani, na faida hiyo iliwagharimu nini.

Habari hii inatuhusu sisi pia. Pwani yetu na maziwa yetu yana vyombo vingi vya mbao, na majahazi mengi siku hizi yana injini. Huenda siku moja ndugu yako akakuambia, "Nimepata injini nzuri ya gari. Tuitie katika ile mashua ya marehemu babu." Utamjibu nini? Sikilizeni vizuri, kwa maana jibu la swali hilo limo katika historia hii.

Gari na mashua: watoto wa siku moja

Watu wengi hudhani kwamba gari lilitangulia, na mashua ya injini ikafuata baada ya miaka mingi. Sivyo. Vitu hivi viwili vilizaliwa karibu pamoja.

Katika mji wa Cannstatt, Ujerumani, walikuwako mafundi wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Mwaka 1885 walitengeneza injini ndogo ya petroli, wakaifunga katika chombo cha magurudumu kilichofanana na pikipiki. Mwaka 1886 injini ya namna hiyo ilifungwa katika gari lililokuwa la kukokotwa na farasi. Mwaka huohuo ilifungwa pia katika mashua, ikajaribiwa katika mto uitwao Neckar. Mashua ile ilikuwa na urefu wa mita 4 na nusu, nayo ilikwenda kilomita 11 hivi kwa saa.

Watu waliogopa. Walijua kwamba petroli hushika moto upesi, nao hawakutaka kukaa juu yake katikati ya maji. Inasimuliwa kwamba Daimler aliifunika injini isionekane, akawaambia wanunuzi kuwa inakwenda kwa mafuta na umeme, ili wasitishike. Ndugu zangu, msiwacheke watu wale. Hofu yao ilikuwa na sababu, nasi tutairudia.

Wavuvi wa Nova Scotia

Sasa tuondoke Ujerumani, tuvuke bahari ya Atlantiki mpaka Canada. Upande wa mashariki wa nchi hiyo kuna jimbo liitwalo Nova Scotia. Wavuvi wake ni wengi. Huvua samaki, na huvua kambakochi wakubwa wenye magando, kwa mitego inayotegwa chini ya bahari. Maji ya huko ni baridi sana, ukungu ni mwingi, na mikondo ina nguvu. Karibu na hapo pana ghuba ya Fundy, ambako tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 16. Mashua isiyo na nguvu huchukuliwa na maji kama jani.

Mwaka 1905, katika bandari ndogo ya Clark's Harbour, fundi Ephraim Atkinson aliunda mashua ya mbao iliyowafaa wavuvi hao. Omo yake ilikuwa juu ili kupasua mawimbi. Tezi yake ilikuwa pana na ya chini, ili mvuvi aweze kuipandisha mitego bila taabu. Mashua za namna hiyo zilienea pwani yote, na mpaka leo zinajulikana kwa jina la kisiwa zilikotoka, Cape Sable.

Injini za kwanza za wavuvi zilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Katika mji wa Bridgewater, kiwanda cha Acadia kilianza mwaka 1908 kutengeneza injini zenye silinda moja au zaidi. Silinda ni tundu la chuma ambamo petroli huwaka na kuisukuma pistoni. Injini hizo zilikuwa na gurudumu zito la chuma, zikazunguka polepole: tak, tak, tak. Zilikuwa za kuaminika, na mvuvi mwenyewe aliweza kuzitengeneza. Lakini zilikuwa nzito, na nguvu zake zilikuwa kidogo. Mvuvi aliyetaka kwenda mbali na kurudi kabla ya dhoruba alitamani nguvu zaidi, lakini hakuwa na fedha za kununulia injini kubwa ya bahari.

Gari la watu wengi

Mwaka uleule wa 1908, katika mji wa Detroit, Marekani, kampuni ya Henry Ford ilianza kutengeneza gari lililoitwa Model T. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa ya matajiri. Ford alitaka gari ambalo hata mkulima angeweza kulinunua. Mwanzo bei yake ilikuwa dola 850. Katika miaka ya 1920 ilishuka chini ya dola 300. Kazi ya kulitengeneza ilipokwisha, mwaka 1927, yalikuwa yametoka kiwandani magari karibu milioni 15. Kampuni ya Ford ya Canada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilikuwa na haki ya kuyauza katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza. Kwa hiyo magari ya aina hii yalionekana Nova Scotia, na yalionekana pia katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki.

Sasa fikirini. Magari mengi namna hiyo yakizeeka, huenda wapi? Bodi huoza na magurudumu huvunjika, lakini mara nyingi injini bado ni nzima. Basi katika viwanja vya vyuma vikuukuu zililala injini nyingi, kila moja kwa bei ya chini kabisa. Mvuvi hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Injini ya Model T ilimfaa kwa sababu tatu. Kwanza, ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 20. Pili, gea zake zilikuwa pamoja na injini yenyewe, na gea ya kurudi nyuma ikiwamo. Mashua haina breki. Ukitaka kuisimamisha kabla haijagonga gati, ni lazima uzungushe rafadha kinyume. Rafadha ni lile panga lenye mabawa linalozunguka majini na kukisukuma chombo. Tatu, injini hii ilijitengenezea umeme wake kwa sumaku zilizofungwa katika gurudumu lake zito. Iliweza kwenda bila betri, na betri ni kitu kinachoharibika upesi katika maji ya chumvi.

Kampuni ya Ford iliendelea kutengeneza injini hizo mpaka Agosti 1941, miaka 14 baada ya gari lenyewe kuachwa, maana watu walizitaka kwa kazi nyingine nyingi. Baadaye wavuvi wa Nova Scotia, na wenzao wa jimbo la Maine upande wa Marekani, walitumia injini za magari mengine pia, zenye silinda 6 na hata 8. Hivyo mtu maskini alipata nguvu ambazo zamani zilikuwa za tajiri. Hiyo ndiyo faida. Sasa tutazame gharama.

Mlima usio na mwisho

Barabara huipa injini ya gari vitu vitatu bila malipo: upepo, mapumziko na usawa. Bahari haitoi hata kimoja. Fundi ni lazima avilete mwenyewe.

Tuanze na upepo. Injini inapofanya kazi hupata joto kali. Maji huzunguka ndani yake yakachukua joto hilo, kisha yakapita katika rejeta iliyo mbele ya gari, na upepo ukayapoza. Katika karibu Model T zote hapakuwa na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe. Mkitaka kujua jinsi gani, tazameni sufuria ya maharagwe jikoni. Maji ya moto hupanda juu, na yaliyopoa kidogo hushuka. Lakini ndani ya mashua injini imefungiwa katika sanduku. Hapana upepo, na rejeta haina faida. Ni lazima kufunga pampu ili maji yazunguke kwa nguvu.

Pili, mapumziko. Gari likiwa katika barabara tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Likiteremka kilima, injini hupumzika. Mashua haina mteremko. Rafadha hulisukuma maji saa zote, na kadiri inavyozidi kasi ndivyo maji yanavyozidi kuwa mazito kwake. Ukitaka rafadha izunguke kwa kasi mara mbili, utahitaji nguvu karibu mara nane. Kwa hiyo injini ya gari ikiingia katika mashua huwa kama lori lililojaa mizigo likipanda mlima usio na mwisho. Mafundi wenye akili waliiendesha polepole kuliko ilivyozoea barabarani, wakachagua rafadha inayolingana na nguvu zake. Wale waliotaka kasi waliharibu injini zao upesi.

Tatu, usawa. Shafti ni nondo ndefu inayotoka katika injini mpaka kwenye rafadha. Shafti hiyo hushuka kuelekea tezi, kwa hiyo injini nayo hulala kwa kuinama. Oili hukimbilia upande wa chini. Katika Model T, oili ilirushwa na lile gurudumu la nyuma, nyingine ikapitia katika bomba jembamba mpaka mbele. Hata barabarani, gari lilipopanda kilima kirefu, sehemu ya mbele iliweza kukosa oili. Katika mashua kilima kile hakina kilele. Fundi alipaswa kupunguza kuinama kwa injini kadiri alivyoweza, au kuitengenezea njia nyingine ya oili.

Tena kuna jambo la nne ambalo gari halilijui. Rafadha inaposukuma maji kwenda nyuma, yenyewe huisukuma shafti kwenda mbele, moja kwa moja kwenye injini. Injini ya gari haikuundwa kupigwa kifuani namna hiyo. Kwa hiyo fundi alifunga beringi imara ya kuupokea msukumo ule kabla haujafika ndani.

Chumvi

Mvuvi angeweza kusema, "Kwa nini nisumbuke na maji ya kupozea? Bahari yote ni maji." Ni kweli, na wengi walifanya hivyo. Waliyavuta maji ya bahari, wakayapitisha ndani ya injini, wakayatupa nje.

Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni maji ya bahari, au maji yaliyotiwa chumvi, myachemshe katika sufuria mpaka yakauke. Mtaona ukoko mweupe chini. Ukoko kama huo hujijenga ndani ya injini, ukaziba njia za maji, na mwisho injini huchemka na kupasuka. Kwa sababu hiyo injini iliyopozwa kwa maji ya bahari iliwekwa isizidi joto la nyuzi 60 hivi, kusudi chumvi isigande. Lakini injini ya gari hupenda joto zaidi ya hilo. Ikiwa baridi, petroli haiungui vizuri, na oili huingia uchafu na majimaji. Juu ya hayo, kutu huila taratibu kutoka ndani.

Njia iliyo bora ni kutumia maji ya aina mbili yasiyochanganyika. Maji matamu hukaa ndani ya injini, yakizunguka daima. Maji hayo hupitishwa katika bomba lililofungwa nje ya mashua, kandokando ya mkuku, na bahari huyapoza kwa nje. Au hupitishwa katika chombo chenye vijibomba vingi, maji matamu upande huu na maji ya bahari upande huu. Joto hupita, chumvi haipiti.

Vilevile, vyuma vya aina mbalimbali vikikaa pamoja katika maji ya chumvi, kimoja humla mwenziwe. Mwaka 1824 mtaalamu wa Uingereza, Humphry Davy, alionyesha kwamba ukifunga kipande cha chuma dhaifu, kama zinki, hicho ndicho kitakacholiwa, na kile cha thamani kitapona. Mpaka leo vipande vya zinki hufungwa katika mashua, navyo hubadilishwa vikiisha.

Moto katika ngama

Sasa tumefika kwenye jambo lililoua watu. Sikilizeni sana.

Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi juu kama moshi. Huanguka chini. Kabureta ni kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ya gari ikivuja kidogo barabarani, matone huanguka chini na upepo huuchukua mvuke. Hakuna anayejua. Lakini kabureta ileile ikivuja katika mashua, petroli huingia katika ngama, yaani lile bonde la chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji machafu hukusanyika. Hapo hapana upepo. Mvuke hukaa na kungoja. Asubuhi mvuvi anawasha injini. Cheche moja ya stata au ya waya inatosha. Mashua hupasuka, na mwenyewe yumo ndani.

Katika nchi kavu mtu hulikimbia gari linalowaka. Katika bahari ya baridi atakimbilia wapi?

Serikali ya Marekani iliona ni lazima kuweka sheria. Sheria ya mwaka 1910 iliagiza kila mashua ya injini iwe na kitu cha kuzimia moto wa petroli na vitu vya kuokolea watu majini. Sheria hiyo ilisaidia baada ya moto kuwaka. Sheria ya mwaka 1940 ilikwenda mbele zaidi, ikajaribu kuuzuia moto usitokee. Iliagiza kabureta ifungwe kifaa cha kuzuia ndimi za moto zisitoke nje, na ngama za mashua mpya zipitishiwe hewa. Injini za mashua ndogo zinazotundikwa nje hazikulazimishwa kuwa na kifaa hicho. Na stata za mashua siku hizi hufungwa kwa namna ambayo cheche zake haziwezi kuufikia mvuke. Kwa macho hufanana na zile za gari, lakini si sawa. Mtu akiweka ya gari kwa sababu ni rahisi, anaokoa fedha kidogo na kuhatarisha roho yake.

Hatari hii ndiyo sababu moja iliyowafanya wavuvi wengi baadaye kuiacha petroli na kuchukua dizeli. Dizeli nayo huungua, lakini katika joto la kawaida haitoi mvuke wa kulipuka.

Mashua kuukuu

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, mashua za faiba zilizidi kuchukua mahali pa zile za mbao. Mashua nyingi za zamani ziliachwa ufukoni zikaoza. Lakini wako watu waliozipenda. Mwaka 1974 lilianzishwa huko Maine gazeti la WoodenBoat, kwa ajili ya mashua za mbao na mafundi wake. Tangu hapo watu wengi wamezifufua mashua za wazee wao: wanabadilisha mataruma yaliyooza, wanapiga kalafati, wanaziba nyufa, kisha wanauliza, "Tutie injini gani?" Wengine hutia tena injini ya gari.

Mashua ya mbao ina tabia yake. Kwanza, injini isikalishwe juu ya ubao mmoja. Hukalishwa juu ya magogo mawili marefu yaliyofungwa katika mataruma mengi, ili uzito na mtikisiko ugawanyike. Mashua iliyofungwa injini yenye nguvu kupita kiasi hufunguka maungio yake. Pili, mbao zikikaa nchi kavu hukauka na kusinyaa, na zikirudi majini huvimba. Umbo la mashua hubadilika kidogo. Kwa hiyo fundi akiinyosha injini na shafti mashua ikiwa ufukoni, kazi yake haijaisha. Huishusha majini, huingoja siku kadhaa mpaka mbao zinywe maji, kisha hupima tena na kunyosha upya. Pale injini na shafti zinapokutana, kosa likizidi unene wa unywele, shafti hutikisika, beringi hulika, na maji huanza kuingia.

Jibu la swali letu

Turudi kwa yule ndugu mwenye injini ya gari. Msimwambie kwamba haiwezekani. Wavuvi wa Nova Scotia na Maine waliweza, wakalisha watoto wao. Lakini mwulizeni maswali haya matano. Itapozwa kwa maji gani? Oili itafika wapi injini ikiinama? Msukumo wa rafadha utapokewa na nini? Utarudi nyuma kwa njia gani? Na mvuke wa petroli utatoka wapi katika ngama?

Akiwa na jibu la kila swali, msaidieni kuibeba injini. Akikosa hata moja, aiache kwanza ufukoni mpaka alipate. Na hili la mwisho, la mvuke, ajibu kabla ya kujaza tangi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Daimler na Maybach walitia injini yao katika mashua mwaka gani?
2. Kwa nini injini ya Model T iliwafaa wavuvi? Tajeni sababu tatu.
3. Mvuke wa petroli huenda juu au chini? Elezeni hatari yake katika chombo mnachokijua.
4. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni kifaa gani kilichoundwa kwa kazi moja nacho kimetiwa katika kazi nyingine? Kimeleta faida gani, na hatari gani?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tuonane katika somo lijalo.